Maji Yaliyotoka Juu

Mwanangu Mhina,

Niwie radhi kwa kunyamaza kwangu. Najua utashangaa kusoma hivyo, kwa sababu tumekaa nyumba moja miezi yote hii, na kila asubuhi unaniamkia nami naitikia marahaba. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba kuamkiana si kuzungumza. Tangu ulipokuwa mtoto wa darasa la pili sijakuambia jambo lolote la moyoni mwangu. Nimekupa maagizo tu. Kesho unaondoka na basi la asubuhi, nami naandika badala ya kuja kugonga mlango wako kwa sababu najifahamu: nikianza kwa mdomo nitajitetea, kisha nitapandisha sauti, kisha wewe utasema, "Sawa, baba," na mambo yataishia hapo.

Ya safari mama yako amekwisha kukuambia. Sweta, dawa, kupiga simu ukifika Lushoto. Sitayarudia. Mimi nataka kukuambia habari ya hema.

Juzi nilikusikia ukizungumza kwenye simu na mwenzako Rajabu. Sikuja kusikiliza, nilikuwa nikifunga mbuzi nyuma ya jiko, nawe ulikuwa umeegemea ukuta upande wa pili. Ulimwambia, "Oya, mimi usinipange na mtu. Nitalala kwenye gari." Akasema jambo nisilolisikia, ukacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na furaha. "Wee niache tu, kaka. Ikishindikana nabaki ofisini Korogwe, mlimani mtapanda nyie."

Umeitafuta kazi hii ya kupima misitu tangu ulipomaliza chuo. Ulipoipata uliifurahia hata ukalileta hema la kazi hapa Kabuku ili ujifunze kulisimamisha uani. Sasa uko tayari kuiacha kwa sababu moja tu, kwamba ndani ya hema hilo mtalala wawili. Mama yako anadhani unaogopa baridi ya mlimani. Mimi najua unachokiogopa, kwa kuwa hofu hiyo niliitia mimi. Unaogopa kuamka asubuhi mbele ya mwenzako ukiwa umelowa.

Mhina, wewe hukuwahi kukojoa kitandani katika lile hema letu. Hata mara moja. Nataka ulisome hilo kwanza, kabla ya mengine, ili hata ukikasirika na kuichana barua hii uwe umekwisha kulisoma.

Acha nieleze. Ilikuwa mwaka ule ambao mvua za vuli ziliangusha ukuta wa nyumba yetu ya udongo. Msimamizi wa mafundi wa barabara alituazima hema la turubai, tukaishi humo mpaka nyumba mpya ilipoezekwa. Mimi na mama yako tulilala juu ya kitanda cha mbao katikati, mdogo wako akiwa kati yetu. Wewe ulilala chini, upande unaoelekea bondeni, godoro lako la sponji likiwa juu ya plastiki na ubavu wake ukigusa turubai. Niliogopa mbu, niliogopa nyoka, na zaidi ya hayo nilipenda kazi iliyonyooka. Nikafukia pindo za hema kwa udongo pande zote na kuzishindilia kwa miguu. Madirisha nikayashona. Walimu wenzangu walikuja kulitazama. Mmoja alisema, "Mwalimu, humu hata upepo unaomba ruhusa." Nilijisikia vizuri sana siku ile.

Ndani ya hema hilo lililozibwa tulipumua watu wanne usiku kucha. Mvua ikinyesha mama yako alichemsha maharage humo humo juu ya jiko la mkaa, na leo nikikumbuka namshukuru Mungu kwamba moshi ule haukutuua. Nguo zilizofuliwa tulizitundika kwenye mlingoti wa katikati zikauke. Mvuke wote huo ungetokea wapi?

Ulipoamka mara ya kwanza godoro likiwa limelowa, sikusema kitu. Liliporudia, nilikugombeza. Likaendelea kurudia, nami nikaanza kukunyima chai ya jioni, kisha nikakunyima na maji. Ulikuwa ukienda kulala midomo imekauka. Asubuhi maji yapo palepale. Siku moja ulinijibu. Ulisimama mbele yangu, mikono nyuma kama nilivyokufundisha, ukasema, "Baba, maji yanatoka juu."

Nilitazama juu. Usiku ule mvua haikunyesha, na turubai halikuwa na tundu hata la sindano. Nikasema, "Juu wapi? Mbinguni?" Nikakuchapa, na sikukuchapa kwa ajili ya godoro. Nilikuchapa kwa kusema uongo.

Mama yako alilichukua godoro, akalinusa. Akaniambia, "Mwalimu, hili halinuki mkojo."

Nikamjibu, "Linanuka nini basi, marashi?"

Akalirudisha godoro chini. Lakini alikuwa ameniambia, nami nilikuwa na pua yangu mwenyewe. Ningeinama tu. Mpaka leo ninashindwa kujieleza kwa nini sikuinama. Nadhani niliona kwamba kuinama kunusa godoro la mtoto kungenishusha hadhi.

Yaliyofuata unayajua, lakini nitayaandika ili usidhani nimeyasahau. Nilikuamuru ulibebe godoro lako mwenyewe kichwani hadi kwenye ua wa minyaa kando ya njia ya kisimani, ulianike pale ambapo kila mwenye ndoo atapita. Halafu nikaenda mbali zaidi. Nilikusimamisha mbele ya mstari wa asubuhi shuleni, mimi nikiwa mwalimu wa zamu, nikawauliza wanafunzi wote mtoto mkubwa anayelowesha godoro anaitwaje. Walijibu kwa sauti moja, "Kikojozi!" Tangu siku hiyo hukuwa na jina lingine pale shuleni ila hilo na Mvua. Watoto walikupita njiani wakiinua viganja kana kwamba wanakinga matone: "Mvua ya Mhina hiyooo! Kimbieni!" Niliwasikia nikiwa ofisini. Sikutoka.

Likizo ilipofika mama yako mkubwa alikuchukua Mombo. Akatuma habari kwamba mtoto analala mkavu kila siku, tena godoro lake liko juu ya kitanda kizuri. Mtu mwenye akili angeuliza nyumba ya Mombo ina nini ambacho hema langu halina. Mimi nilisema, "Kwa mama mkubwa halowi, kwangu analowa. Basi ananifanyia kusudi." Nikakuacha hukohuko. Hata nyumba ilipokwisha kuezekwa sikukuita. Ulimaliza la saba Mombo, na ulipochaguliwa kwenda shule ya bweni ulikataa ukasoma ya kutwa, nami nikasema wewe ni mvivu.

Sasa nikueleze nilivyojua.

Siku ya arobaini ya babu yako nyumba ilijaa wageni. Wewe ulikuwa umerudi Korogwe kukamilisha mkataba. Kitanda changu nilimpa mzee kutoka Makuyuni, mimi nikaingia katika hema lako uani nikiwa na godoro la sponji. Unanijua. Nilifunga zipu zote, hata zile ndogo za juu ambazo wewe ulikuwa umeziacha wazi. Viatu vyangu vilivyolowa umande niliviingiza ndani visiibiwe, pamoja na taulo bichi nililotoka nalo kuoga. Usiku ulikuwa mweupe, baridi ya kipupwe, hakuna wingu.

Asubuhi shuka lilikuwa limenigandia miguuni na ubavu wa godoro ulikuwa chepechepe. Nilikuwa bado nimekaa nikiushangaa mkono wangu, mama yako mkubwa akachungulia mlangoni na birika la chai.

"Shemeji, umelala au umeogelea?"

Nikasema hema linavuja.

"Linavuja nini, na anga lilikuwa jeupe? Kuku wamelala mtini hawajalowa, wewe ndani ya nyumba umelowa?" Akaingiza mkono, akaligusa godoro, akacheka mpaka akaliweka birika chini. "Loo! Jamani njooni muone! Mwalimu kakojoa, mtu mzima na mvi zake!"

Wanawake waliokuwa wakimenya viazi walicheka sana. Mmoja akasema, "Mwacheni, ni uzee." Mwingine akasema, "Tukamtafutie nepi dukani." Nami nilikuwa tayari kucheka nao, kwani shemeji ni mtani wangu. Lakini yeye hakuwa akicheka tena. Alikuwa ameinua macho. Akapitisha kidole kwenye dari ya hema, na maji yakateremka mkononi mwake hadi kwenye kiwiko.

"Mwalimu," akasema, polepole. "Mtoto si alikuambia maji yanatoka juu?"

Nikaitazama dari ile.

Akasema, "Unajua kwangu alikuwa hanywi maji baada ya magharibi? Mpaka anamaliza la saba. Nilikuwa namwambia, mwanangu kunywa, hapa ni kwangu. Ananiambia, 'Mama mkubwa, bora kiu.'" Kisha akachukua birika lake. "Haya, libebe godoro lako ukalianike."

Nililibeba kichwani, Mhina. Nikapita mbele ya wageni wote, nikalianika kwenye minyaa ileile. Watu walikuwa wakirudi kisimani. Walisema, "Pole, Mwalimu. Umande huo." Wakapita. Hakuna aliyeinua kiganja kukinga matone. Hakuna aliyeniimbia. Nilisimama pale nikakumbuka Ramadhani iliyopita, jinsi ulivyofuturu kwa tende na funda moja la maji, ukakisukuma kikombe mbali, mimi nikamwambia mama yako kwamba kijana huyu anajivuna hata mbele ya futari.

Na lililo baya kuliko yote ni hili. Somo hilo nililifundisha. Mwaka ule ule, darasa la tano, nilichora sufuria na mfuniko ubaoni, nikaeleza kwamba mvuke ukigusa kitu cha baridi hurudi kuwa maji. Niliwauliza wanafunzi wataje mifano ya nyumbani. Nikarudi katika hema langu nikamchapa mfano wenyewe.

Baada ya wageni kuondoka nililala humo tena kwa siku nyingi. Uliniuliza, "Baba, mbona unalala nje?" nikakujibu, "Joto." Kipupwe hicho! Mimi niliyewachapa watoto kwa uongo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikijaribu. Nilihitaji kuwa na hakika, kwa sababu sikutaka kukosea mara mbili juu ya jambo hilohilo.

Nilichokipata ni kidogo, na huenda kazini wamekufundisha zaidi, lakini ukichukue. Zile zipu ndogo za juu usizifunge, hata baridi ikikusumbua; vaa sweta la pili, acha upepo uingie chini na kutokea juu. Hema lenu lina nguo mbili, ya ndani na ya nje. Kaza kamba ili zisigusane, maana maji hukaa kwenye ile ya nje, na ya ndani ikiigusa yanakuja kwako. Godoro lisiguse ukuta. Viatu na nguo mbichi zilale nje chini ya kile kipenu cha mlangoni, na kupikia ndani usithubutu. Nililihamisha hema pia. Ulipolisimamisha wewe ni pale chini uani, upande wa bondeni karibu na migomba, ambapo umande hutuama. Nilipolipandisha karibu na ghala, kwenye mwinuko, tofauti ilikuwa kubwa. Hata hivyo kuna asubuhi ambazo dari ililowa kidogo kwa vyovyote nilivyofanya. Pumzi ya mtu ina maji, basi. Siku hizo nilipangusa kwa kitambaa kabla sijainuka, nikafungua mlango jua liingie, na godoro lilikuwa kavu.

Kwa hiyo mtakapolala wawili mtalowa zaidi kuliko nilivyolowa mimi peke yangu, kwa kuwa mtapumua wawili. Ikitokea, usishtuke na usijifiche. Mwambie Rajabu, "Pangusa upande wako." Na kama ni yeye atakayeamka amelowa akiona haya, najua hutamcheka. Hilo sina haja ya kukufundisha. Ulilijua ukiwa na umri ambao mimi sikulijua nikiwa na cheti cha ualimu.

Utauliza kwa nini sikukuambia siku ileile. Ulirudi kutoka Korogwe jioni, ukakuta godoro bado liko juani, ukalitazama, ukanitazama, ukaingia ndani bila kuuliza. Nilikuwa na nafasi pale. Nikakuambia ufunge lango, kuku wanatoka. Siku zikapita. Kila nilipotaka kusema, niliona kwamba nikikuambia hukukojoa, itabidi niseme pia nilichokufanyia, na nilitaka la kwanza bila la pili. Nilivumilia hivyo hadi juzi nilipokusikia ukisema utalala kwenye gari. Nikaona kwamba nimekuchapa tena, safari hii kwa kukaa kimya.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Barua haimpi mtu nafasi ya kukataa usoni. Ninachokuomba ni kimoja: panda mlimani. Usibaki ofisini kwa sababu ya kosa langu. Ukitaka kubaki kwa sababu zako mwenyewe, hilo ni lako na sitauliza.

Kuna jambo moja sijalimaliza. Mwalimu mkuu wa sasa ameniomba nizungumze na wanafunzi siku ya mahafali ya darasa la saba. Ni uwanja uleule. Baadhi ya wazazi watakaokaa kwenye viti siku hiyo ndio waliokuinulia viganja njiani, na mpaka leo wapo wanaokuita Mvua sokoni, wakidhani ni jina la utani tu. Nilikosa mbele ya watu, naona ninapaswa kusema mbele ya watu. Lakini nikisema nitakuwa nimekusimamisha tena mbele ya mstari bila kukuuliza, na hilo nimelifanya mara moja tayari. Nikinyamaza nitajiambia kwamba ninakuhifadhi wewe, kumbe huenda ninaihifadhi heshima ya Mwalimu. Nimelifikiria tangu arobaini na sijajua ni lipi kati ya hayo mawili linalonizuia. Ukiniambia niseme, nitasema. Ukiniambia ninyamaze, nitanyamaza. Na kama hutaki kuniambia lolote, hiyo nayo ni haki yako, nitabaki na kazi ya kuamua peke yangu.

Hema nimelikunja leo mchana likiwa kavu kabisa, ndani na nje. Nililiacha juani mpaka mama yako akaniuliza kama ninakaanga nailoni. Barua hii nimeiweka katikati ya mikunjo, ili uikute utakapolisimamisha, na si kabla. Kama unaisoma, basi umekwisha kupanda, au angalau umelifungua hapo ofisini, na bado unaweza kupanda. Juu ya begi nimekuwekea chupa ya maji. Ni kubwa. Kunywa jioni, Mhina, kunywa hata baada ya magharibi, na ulale.

Nami nitakapokuwa nimeamua juu ya mahafali, nitakuandikia wewe kwanza, kabla sijafungua kinywa changu mbele ya mtu mwingine yeyote.

Baba yako